Mama Mkwe Juu ya Mbao za Mninga

Mwezi uliopita tulimzika Mutiso kule Maungu, na kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimevaa tai, nikaombwa niseme machache. Tai ni kama ngoma: ukiibeba, watu hudhani unajua kuipiga. Nikasimama, nikasafisha koo kama afanyavyo mtu aliyesoma, nikataja bidii na uaminifu wa marehemu, maneno ambayo yangemfaa punda yeyote mwenye tabia nzuri. Watu wakaitikia kwa adabu. Mzee mmoja wa reli aliyeketi nyuma yangu akamwuliza mwenzake, bila kujisumbua kunong'ona, "Huyu alimjua kweli?" Swali lile nililibeba hadi Nairobi. Nilimjua, tena kwa namna ambayo watu wachache hujuana: nilikaa kati yake na mama mkwe wake, bega kwa bega na wote wawili, ndani ya lori lisilokwenda. Lakini jambo kama hilo huwezi kulisema kaburini huku jua linawachoma watu na wali unapoa. Linataka nafasi. Basi nalisema hapa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, nimeahidiwa nafasi chuoni Kampala, na nilikuwa Voi nikikereza matendegu ya vitanda. Karakana ilikuwa ya mjomba wangu, Fundi Mwadime: chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwa asiyeijua kazi ya kukereza, ni hii: kipande cha mti kinafungwa kwenye mashine, kinazungushwa kwa kasi, nawe unakiegemezea patasi mpaka kinatoka mviringo, chembamba hapa na kinene pale kama alivyotaka mteja. Mti ndio unaozunguka, wewe husogei. Hilo ndilo lililoniuma. Wenzangu wa shule walikuwa wametawanyika nchini na soksi zao ndefu, nami nilisimama pale pale tangu asubuhi nikitazama mti ukienda mbio bila kufika kokote. Tulilala mle mle, juu ya maranda. Chakula kilikuwa kimanga cha viazi na maharage, na daima kilikuwa na vumbi la mti, hata nikaijua ladha ya mvule kabla ya kuijua ya siagi. Mabati yalituletea mazungumzo ya majirani, watu wa magharibi walioletwa na reli. "Wewe unaniambia mimi habari ya samaki? Hapa Voi samaki ni yule wa kwenye kopo!" "Basi rudi Kisumu." "Nirudi na nini? Na filimbi ya reli?" Walicheka, nami nikacheka upande wa pili wa ukuta, peke yangu, kama mtu anayekula harufu ya nyama ya jirani.

Ilikuwa pia miaka ya hali ya hatari. Treni zilipita zikiwa na watu waliofungwa kweli, nyuso zao zimebanwa kwenye nafasi za mbao, na askari walisimama barabarani wakidai vibali. Nami niliziona treni hizo, nikazihurumia, kisha nikarudi kwenye mashine nikajihurumia zaidi mimi mwenyewe. Sijui kama ni ujana au ni ubaya wa roho. Nimewahi kuandika makala ndefu juu ya uhuru wa binadamu, na kila ninapoisoma naona kwamba mwandishi wake alianza kulifikiria neno lile akiwa na maranda kwenye nywele, akimchukia mjomba aliyempa chakula.

Mjomba alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: nguzo fupi za kukereza, za kuzungushia madhabahu ya kanisa jipya kule Mwanda, milimani. "Ukimaliza nami nguzo za Mwanda," aliniambia, "utaenda Kampala na baraka zangu, na nauli pia. Hujamaliza, huendi." Mtu aliyenilea hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili. Nikaanza kuziona nguzo zile ndotoni, zimesimama moja moja mbele yangu kama nondo za dirisha la jela. Shida ni kwamba hatukuwa na chochote cha kuzifanyia. Patasi zetu zilikuwa zimenolewa mpaka zikawa fupi kama vijiko vya chai, mkanda wa mashine ulikuwa umeshonwa kwa kamba ya mkonge, na mbao iliyotakiwa, mninga mkavu usio na ufa, haikuwako Voi wala karibu na Voi. Mjomba hangeweza kwenda kuitafuta. Alikuwa mtu wa kutapika kwenye gari hata kabla halijawashwa. Akanituma mimi, pamoja na Mutiso.

Mutiso alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, Mkamba wa miaka kama thelathini, mwenye shingo nene na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa bila maneno yake, mvumo tu, kutoka Mariakani hadi anapofika. Aliniita Msomi, na kila alipolitamka alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Tulishuka kwanza Mombasa kwa vyuma. Kwenye duka moja nyuma ya soko niliomba patasi za kukereza, na mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, akaniletea za useremala wa kawaida. Nikamweleza: ndefu, zenye mpini mrefu, nyingine mdomo bapa na nyingine kama kijiko.

"Wewe nataka tengeneza nini? Kitanda?"

"Kanisa," nikasema kwa fahari.

"Kanisa iko miguu?"

Mutiso alicheka mpaka Mazeras. Lakini tulipata patasi, na mkanda, na msasa, na kopo la vanishi. Tukarudi Voi, tukakata kupitia Mwatate na Maktau hadi Taveta, tukavuka kuingia Tanganyika, na Moshi tukaupata mninga wenyewe, ulioletwa kwa treni kutoka Tabora, umekaa kwenye banda mpaka umekauka vizuri. Mjomba alikuwa amenifunza kuugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana mbao yenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Niligonga kipande kimoja kimoja, nimeinamisha sikio na kukunja uso.

"Msomi, imesema nini hiyo?"

"Imesema iko sawa."

"Basi iulize kama itapakiwa kabla ya mvua."

Tulipakia vipande vya mraba vyenye urefu wa mkono, kila kimoja kizito kama mtoto anayekataa kutembea, nikaviona nondo za jela yangu zimelala chini zinasubiri kusimamishwa. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilikuwa na furaha. Tuliporudi Taveta asubuhi ya pili, Mutiso alikata kona bila kuniambia, akasimama nyuma ya nyumba za shamba la mkonge. Akateremka, akasema neno na mtoto aliyekuwa akicheza mlangoni, kisha akaja upande wa pili wa lori akasimama akilikodolea jiwe moja la kando ya njia. Kutoka ndani akatoka mwanamke mwenye kikapu, mwavuli, na sufuria iliyofungwa ndani ya leso.

"Huyo ni mama wa Nduku," Mutiso akaliambia jiwe. "Anapanda nyuma."

Nduku alikuwa mke wake, pale Maungu, na nilijua kuwa ni mjamzito. Nisilolijua Mutiso alinieleza wakati ule, kwa maneno machache, huku mama akipanda juu ya mbao bila msaada wa mtu. Mtoto wao wa kwanza alikufa akizaliwa, na Nduku alikuwa karibu kumfuata. Safari hii alikuwa ameapa kwamba hatazaa bila mama yake, na siku zenyewe zilikuwa zimefika. Treni ya Voi ilikuwa imepita jana, na nyingine ilikuwa mbali. "Nisipomfikisha, Msomi," alisema, "mimi nyumba sina." Sikuuliza kwa nini mama hakai mbele. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito kuliko lori lililojaa mninga. Iko njia ya kuiondoa, kwa zawadi zinazopelekwa mbele ya wazee, lakini Mutiso hakuwa bado ameifikia siku hiyo. Sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita, tunayo ya kwetu kama hayo, kwa hiyo sikucheka.

Mvua ilitukuta kabla ya Maktau, na haikuwa ya kuchezea. Tulipotazama nyuma kupitia kidirisha, turubai lilikuwa limepasuka na mama amekaa juu ya mbao ameshika mwavuli uliobaki vyuma tu. Mutiso akasimamisha gari. "Kamwambie aingie mbele."

Nikaenda, nikaloa, nikamwambia. "Mbele wapi?" akauliza. "Kwenye mapaja yake?"

"Mimi nitakaa katikati, mama."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ni mwembamba kama mwiko. Nitamwona pande zote mbili."

Ndipo sisi watu watatu, kila mmoja na akili zake timamu, tukakubaliana juu ya jambo ambalo nadhani halijawahi kufanywa barabara ile kabla wala baadaye. Mutiso alikata kipande cha turubai akakitundika darini mwa kebini, kikaning'inia kati yangu na kiti cha kushoto mpaka chini. Mama akaingia upande wake, akajikausha, akasema amekaa vizuri. Lori likawa nyumba ya vyumba viwili, nami nikawa sebule. Hakuna aliyetaja kwamba ukuta ule ulikuwa umeziba dirisha lote la kushoto, na kwamba dereva sasa aliona nusu ya dunia.

Baada ya Maktau kuna korongo ambalo wakati wa kiangazi mbuzi hulivuka bila kulitambua. Siku ile lilikuwa linanguruma. Mutiso akapunguza mwendo mpaka karibu kusimama, akakaza shingo.

"Msomi, upande wa kushoto ukoje?"

Nikaligeukia turubai. "Mama, anauliza kushoto kukoje."

"Mwambie maji yanakula ukingo," sauti ikajibu, wazi kama kengele. "Asimame!"

Mutiso alisikia. Niliuona mguu wake ukiacha mafuta na kubaki hewani juu ya breki, mguu wenye adabu, ukingoja. Lile neno lilikuwa limesemwa na mtu asiyeweza kumwamuru, kwa hiyo lilikuwa bado halijasemwa. Nami, badala ya kupiga kelele "Breki!" kama ambavyo mtoto yeyote angefanya, nikaanza na heshima: "Mama anasema kwamba maji..." Gurudumu la kushoto likazama. Lori likateleza, likainama polepole kama mzee anayeketi, likaegemea ukingo wa udongo, na injini ikazima.

Mlango wa mama ulikuwa umebanwa na udongo. Upande wa Mutiso maji yalikuwa yamefika kwenye kipandio, mekundu, yakibeba miti mizima ya miiba. Hakukuwa na pa kwenda. Tulikaa. Vioo vikafunikwa na pumzi zetu. Kwa sababu ya kuinama kule, uzito wote wa Mutiso uliniegemea mimi, nami nikaliegemea turubai, na turubai likamwegemea mama, ambaye alilisukuma kwa kiwiko kila mara kama mtu anayemrudisha ndama. Nilikuwa nimeshafungiwa mwaka mzima ndani ya chumba cha mabati na kudhani najua maana yake. Sasa nilijua kuna kufungiwa ambako huwezi hata kugeuza shingo bila kumvunjia mtu heshima.

Adhuhuri mama akafungua sufuria. Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, yamepikwa na maharage, na harufu yake ilijaza vyumba vyote viwili. "Kula, mwanangu," akasema, akipitisha bakuli chini ya turubai. Kisha akaongeza: "Na kama yuko mwingine mwenye njaa huko, mimi naangalia nje." Nje kulikuwa na ukuta wa udongo, shibiri moja kutoka puani mwake. Mutiso naye akageukia dirisha lake lenye ukungu, akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, nami nikamwekea bakuli kiganjani. Alikula akiitazama mvua. Hivyo ndivyo tulivyokula chakula cha pamoja ambacho hakikuliwa pamoja.

Maji hayakupungua. Alasiri Mutiso aliacha kuvuma nyimbo zake. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Muulize, yeye Nduku alimzaa vipi."

"Mama, anauliza..."

"Siku mbili," mama akajibu. "Kila mtu alishakata tamaa, hata mbuzi. Siku ya tatu akatoka akipiga kelele. Mwambie wanawake wa kwetu wanachelewa, lakini wanazaa."

"Anasema wanachelewa lakini..."

"Muulize kama ile ya kwanza," Mutiso akasema. Akaanza tena. "Ile ya kwanza mimi nilikuwa njiani na gari. Muulize kama ningekuwako."

Sikuhitaji kuuliza. Mvua iligonga bati juu yetu. "Mwambie," mama akasema, "ile ya kwanza niliitwa Jumatatu. Nikasema ngoja nimalize kupalilia. Mwambie si yeye aliyechelewa."

Neno lile sikulirudia. Kazi yangu yote siku ile ilikuwa kurudia maneno, na lile ndilo pekee nililoliacha lipite lenyewe. Mutiso aliweka paji la uso kwenye usukani. Nilijitahidi kuwa mwembamba zaidi kuliko mwiko.

Jua lilipokaribia kushuka maji yalianza kutoroka, kama yafanyavyo makorongo ya kwetu, upesi na bila kuaga. Mimi na Mutiso tulitoka kwa mlango wake, tukachimba kwa koleo na kwa sufuria tupu. Injini ikakubali, lakini magurudumu yalizunguka mahali pamoja, yakirusha tope, hayaendi. Nikayatazama kama ndugu zangu. Tulikata vichaka tukavitia chini, vikasagika kama mboga. Mutiso akanyooka, akatazama nyuma ya lori.

"Mbao," akasema.

"Hapana."

"Msomi."

"Mutiso, hizo ni za kukereza! Zikiingia tope na uzito wa gari zitapasuka, na mbao yenye ufa ikizungushwa inaruka vipande. Ni za kanisa!" Hayo yote yalikuwa kweli. Kweli nyingine sikuisema: kwamba Kampala ilikuwa imelala mle ndani, imepangwa vizuri, mkono kwa mkono.

Mama alikuwa bado ndani, na mlango ulikuwa wazi. "Kijana," akaita, "hizo mbao zitafanya nini huko kanisani?"

"Zitakuwa nguzo, mama. Mbele ya madhabahu. Watu wakipiga magoti wazishike."

"Wazishike wakiomba nini?"

Mimi, niliyepata alama nzuri katika insha, nikapanda nyuma nikaanza kuzishusha.

Tulizipanga kuanzia gurudumu hadi njia ngumu, mninga wa Tabora, mkavu, mwekundu, tope likiufunika. Lori lilipopanda juu yake nilisikia vipande vikilia, na sikuhitaji kifundo cha kidole kujua vinasema nini. Tulivitoa vyote tukavirudisha garini, kwa sababu hata mtu aliyevunjikiwa chungu hukusanya vigae. Mjomba baadaye alivigonga kimoja kimoja bila kuniambia neno, akakataa karibu nusu, na hivyo nilivyovisikia vikilia kwa masikio yangu mwenyewe njiani vikawa mipini ya majembe. Ilibidi mbao nyingine zingojewe, na nguzo za Mwanda zikamalizika wakati wenzangu wa Kampala walikuwa wameshazoea mikahawa ya huko. Niliingia chuo mwaka uliofuata. Nimewaeleza watu wengi kwamba nilichelewa kwa sababu za kifamilia, na sasa naona haukuwa uongo, ila familia yenyewe haikuwa yangu.

Tulifika Maungu kulipokucha. Majirani wawili walikuwa wamesimama nje ya nyumba, na kabla gari halijazima mmoja akapiga kelele, "Ameanza tangu usiku! Anamwita mama!" Mutiso akashuka, akaenda hatua kadhaa, akatugeuzia mgongo. Mama, ambaye mlango wake ulikuwa umekunjika haufunguki, akapita juu ya kiti cha dereva, akakanyaga tope, akakimbia na kikapu chake kama msichana, na mlango ukafungwa nyuma yake. Basi tukabaki sisi. Ile ilikuwa nyumba yake Mutiso, na mke wake ndiye aliyekuwa akilia ndani, lakini hakuweza kuingia: ilikuwa shughuli ya wanawake, na aliyekuwa akiishughulikia ni mama mkwe. Alikuwa amemleta mtu ambaye kuwapo kwake kulimfungia nje. Alizunguka lori. Aliyagusa magurudumu. Alitoa tope kwenye taa kwa ukucha, kidogo kidogo, kana kwamba anaipenda. Jua likapanda juu ya reli, treni ya mizigo ikapita na kelele zake, na ilipoisha kupita nilisikia sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu mpya.

Mutiso hakugeuka. Mlango ukafunguliwa, mama wa Nduku akasimama kizingitini, mikono imelowa hadi viwiko. Nikajiweka sawa kupokea maneno, maana kazi nilikuwa nimeshaizoea. Hakunitazama hata kidogo. Alilitazama lori, lililokuwa limejaa tope hadi kwenye vioo, limekunjika ubavu mmoja.

"Wewe gari," akaliambia, kwa sauti ya kusikika hadi stesheni, "umefika kwa wakati. Nduku ni mzima. Mtoto ni msichana, na ana shingo nene kama mtu fulani."

Nikasogea pembeni. Mutiso, mgongo wake bado umeuelekea mlango, aliweka kiganja juu ya boneti, polepole, akakiacha hapo.

"Gari limesikia, mama," akasema.